Hesabu ya Mbung'o

Jumatatu, 7 Machi 1966. Malaba

Petronilla ameniosha, akanilisha uji. Miaka minne sasa ananitunza, tangu mke wangu afe. Hajui kwamba hesabu yangu ndiyo iliyomfanya mjane.

Leo amekuja na habari. Ukanda wa mtoni unagawanywa kuwa mashamba tena. Anataka kipande kwa Olinga, mwanawe pekee aliyebaki. Oriokot, karani wa kamati, anangoja sahihi yangu tu kwamba hesabu yangu ya zamani ya mbung'o bado ni sawa.

"Si wewe ndio profesa wa nzi, mzee? Weka sahihi kama mkono bado uko."

Alicheka. Nikacheka naye. Mungu anisamehe.

Jumatano, 9 Machi

Niseme waziwazi, angalau hapa.

Mwaka 1954 nilifanya kazi ya kupiga hesabu za mbung'o. Swali: mbung'o akitoka kichaka cha ng'ambo, Uganda, kuna uwezekano gani awe upande huu baada ya siku kadhaa? Anaruka ovyo, lakini hata uovyo una kanuni. Ukanda ukifyekwa, jibu ni dogo sana. Kisha kuna msukosuko: ng'ombe wanavuka na mbung'o migongoni. Unaongeza sahihisho la kubebwa mara moja, la mara mbili, la mara tatu, bila mwisho. Kila sahihisho lisipozidi nusu ya lililotangulia, jumla haitapita mara mbili ya jibu la kwanza.

Nusu hiyo niliipata kwa kugawa ng'ombe wa wiki sawasawa kwa siku saba. Lakini hawavuki hivyo. Huvuka siku ya soko, wote, asubuhi moja. Kwa siku hiyo masahihisho yalikua badala ya kupungua, na kikomo changu kikawa hewa. Nililiona — nilisimama kivukoni mwenyewe. Mkubwa wangu alitaka ripoti. Nikauacha wastani ubaki kwenye ripoti.

Kaya kumi na tisa zilihamia ukandani. Malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, yakaingia. Barnabas, mume wa Petronilla, alikufa akisinzia, na watoto wao wawili.

Ijumaa, 11 Machi

Nimeshindwa kumwambia. Nimekohoa damu kwenye leso.

Jumapili, 13 Machi

Ametoka misa. Nimemwambia yote. Alisikiliza, sufuria mkononi.

"Kwa hivyo ni ng'ombe walileta?"

"Wa siku ya soko. Nami nilijua."

Akakaa chini.

"Barnabas ndio alikuwa anaswaga hao. Kila soko. Alikuwa anarudi, watoto wanamrukia."

Hilo sikulijua. Nikasema kosa ni langu, si lake. Sidhani alinisikia.

Nikamwambia nitakataa kutia sahihi.

"Sababu utaandika nini?"

"Ng'ombe."

"Huku kila mtu anajua nani aliswaga. Na Olinga anajua. Watasema baba yake ndio aliwaua."

Oriokot amefika. Yuko nje na karatasi, anauliza kama mzee ameamka. Petronilla amesimama mlangoni, mgongo kwake, ananitazama.