Maji ya Bahari Ruiru

Jumatatu, 3 Februari
Nimepima chumvi kabla ya paredi. Iko sawa. Tangi la chama chetu cha sayansi, kule maabara, bado halina samaki. Lina mawe mawili kutoka baharini Mombasa, na kando yake sanduku la mwani chini ya taa. Watu hudhani mawe ni mapambo. Si mapambo. Yana bakteria wanaokula uchafu wa samaki, na mwani hula kinachobaki. Hatuna chujio lingine.

Kaka yake Mwalimu Njeri ataleta samaki wawili tarehe 21. Siku hiyo amonia, ile sumu ya uchafu, ikionekana kwenye kipimo, atawapeleka kwa rafiki yake Juja. Nataka wakae hapa. Nataka sana.

Ijumaa, 7 Februari
Usafi wa Ijumaa. Nilipalilia maua. Rafiki yangu Nyambura alikuwa na zamu ya maabara. Ametoka akitabasamu. Hasemi kwa nini.

Jumatatu, 10 Februari
Siku mbaya. Kipimo kijani kabisa. Amonia tele. Jiwe kubwa jeupe pe.

Nyambura aliona mwani umejikunja kama waya wa kusugulia sufuria. Akautumia. Alisugua jiwe kwa mwani na sabuni ya unga, akalisuuza kwenye bomba, akalirudisha. Vyote vilivyoishi ndani yake vimekufa na kuozea majini.

"Aki Wairimu, lilikuwa linanuka! Nakusaidia halafu unaninunia?"

Nimelia chooni. Mwalimu Njeri alicheka hadi akakaa chini. "Sasa tuna jiwe safi kuliko soksi zenu." Mimi sikucheka.

Jumatano, 12 Februari
Jiwe jeupe limetolewa. Tumebadilisha zaidi ya nusu ya maji. Nyambura amebeba ndoo zote mwenyewe na amekataa kusaidiwa. Mwani uliobaki unatosha ngumi moja. Taa sasa inawaka tangu asubuhi hadi jioni tunapotoka shule. Bado nimekasirika, lakini kidogo.

Jumatatu, 17 Februari
Kijani hafifu! Mwani umenenepa. Umejaa viputo vya hewa. Nyambura ameupa jina, Shosho, yaani bibi, kwa sababu ya nywele. Nimecheka mpaka nikaumwa na mbavu.

Alhamisi, 20 Februari
Njano, yaani hakuna amonia. Nimerudia. Njano. Mwalimu amesema tutie chakula kidogo cha samaki, tuone kama jiwe lililobaki litakiweza. Jibu kesho. Siwezi kula.

Ijumaa, 21 Februari
Njano.

Kaka yake mwalimu alifika baada ya chakula cha mchana. Samaki ni wadogo kuliko nilivyofikiri. Mmoja alijificha mara moja nyuma ya jiwe. Mwingine alizunguka, akarudi, akatulia karibu na kioo. Nyambura alinishika mkono.

Halafu yule kaka akaondoka kuelekea Juja na ndoo tupu.