Jani Nililolishusha

Jumatatu, 3 Agosti 1998
Nimeamka, nimekohoa, nimefagia uwanja. Uji wa Imelda una ndimu kama kawaida. Magoti yanalia. Miaka ishirini na sita nilikuwa mteuzi wa tumbaku kwenye ghala la ushirika, napanga majani kwa madaraja. Sasa soko huria. Wanunuzi wanakuja na magari yao na wateuzi wao, vijana wa miwani. Mimi nateua mawe kwenye maharage.

Matokeo ya kidato cha sita yametoka. Mjukuu wangu Imelda kapata daraja la pili. Amekuja na fomu mbili. Moja ya chuo kikuu kipya cha binafsi, mbali huko, wanachukua wachache mno. Nyingine ya chuo cha ualimu hapa hapa mjini. Kila chuo kinataka hati halisi ya matokeo, na hati ni moja. Ada atalipa mjomba wake wa Mbinga, kokote. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni kupima: chuo kikuu watamchukua, au watamtupa?

"Mume wangu," akasema, utani wetu wa babu na mjukuu, "wewe si mteuzi? Niteue."

Nikamwambia mke mwema hasomi, anakaa nyumbani amkune mumewe mgongo. Kanirushia ufagio.

Alhamisi, 6 Agosti
Siku tatu nafikiri. Darasa la sita la misheni halinisaidii. Chuo kikuu sijakiona hata mlango. Lakini jani nalijua. Ghalani tulikuwa na kanuni isiyoandikwa popote: ukisita, shusha. Jani likikaa kati ya la kwanza na la pili, weka la pili. Ukilipandisha, mnunuzi anakataa mtumba mzima wa majani mbele ya watu, unarudishwa, na wewe unasimangwa kwenye kilabu cha pombe ya komoni mpaka Krismasi. Ukilishusha, hakuna anayerudi kulia. Mimi sikurudishiwa mtumba hata mmoja. Najisifu, ndiyo.

Jioni kapita jirani na mtani wangu Issa, Myao wa Nalasi, anauza korosho hapa Mfaranyaki. Binti yake wa mwisho, Zuhura, kasoma darasa moja na Imelda. Ana daraja la tatu. Na anaomba chuo kikuu hicho hicho!

"Issa, siku hizi hata korosho mbovu inapanda gari?"

"Inapanda, Mngoni wewe. Ikikataliwa itarudi. Nyumbani si inapajua?"

Nimecheka mpaka nikakohoa. Mjinga huyu.

Jumapili, 9 Agosti
Misa ndefu. Padre anahubiri kama analipwa kwa neno. Baada ya chakula Imelda akakaa karibu yangu, fomu mapajani. Ile ya chuo kikuu ameshaandika jina, kwa penseli.

"Babu, watanichukua?"

Hakusema mume wangu. Alisema Babu. Nilisikia.

Nikamwambia la pili ni la pili. Huko wanakwenda watoto wa wakubwa, wenye la kwanza. Watakurudisha, na ualimu utakuwa umekupita.

"Si utani?"

"Si utani."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kuosha vyombo. Hakuimba. Siku zote huimba.

Ijumaa, 14 Agosti
Amepeleka hati chuo cha ualimu. Basi. Ile fomu nyingine kaiacha mezani. Nimeiweka humu daftarini, isije ikafungiwa vitumbua.

Jumanne, 8 Septemba
Siku mbaya. Issa kaja asubuhi na kanzu ya Ijumaa. Leo Jumanne. Nikajua kabla hajakaa.

Zuhura kachukuliwa. Na la tatu lake.

Nikasema wamekosea jina. Hakucheka. Akasema kule hawakuangalia daraja peke yake, walisoma na barua ya mwombaji mwenyewe. "Na mwalimu wao kamuuliza Zuhura: Imelda je, mbona simwoni kwenye orodha? Yule ndiye niliyemtegemea." Kisha akaniangalia usoni. Akaacha kifuko cha korosho, akaondoka bila kunitania. Afadhali angenitukana.

Imelda alikuwa jikoni, kasikia yote. Alitoka, akamwahi Issa mlangoni, akampa hongera kwa mikono miwili. Halafu akachukua ndoo akaenda bombani. Ndoo za ndani zote zilikuwa zimejaa.

Alhamisi, 10 Septemba
Nimekwenda chuo cha ualimu kwa miguu. Karani, binti mdogo: "Shikamoo, mzee." Nikamwambia nimekuja kujiandikisha, nataka kitanda karibu na jiko. Kacheka kidogo. Nikaomba hati ya mjukuu wangu. Akasema zote zimeshakwenda wizarani.

Na hata ningeipata. Kule chuo kikuu mwisho wa kuomba ulikuwa Agosti. Nilijua. Nilikwenda ili miguu iumie.

Jumapili, 13 Septemba
Sikwenda kupokea komunyo. Padre kaniona. Anione.

Naandika ukweli hapa, maana daftari halicheki. Sikupima jani. Nilipima nyumba. Bibi yake ana miaka minne kaburini. Vyumba vitatu, mkohoaji mmoja. Ualimu ni hapa mjini, Jumamosi angekuwa anakuja. Hilo nililijua siku ile ile fomu zilipotua mezani. Kanuni ya ghala niliitafuta baadaye, kama mwizi anayetafuta shahidi.

Na kanuni yenyewe. Miaka yote najisifu hakuna aliyerudi kulia. Angeliaje? Mkulima kaambiwa la pili, kavua kofia, kashukuru, kapanda baiskeli yake karudi kijijini. Hakujua kaleta la kwanza. Nilikuwa najua mimi tu. Nimeshusha mangapi?

Mzee mpumbavu.

Jumatano, 16 Septemba
Nimemwambia. Yote, hata ya nyumba. Alikuwa anachambua mchicha. Aliendelea kuchambua.

"Ungesema tu unaogopa kubaki peke yako, Babu. Ningekuja kila likizo."

Basi. Nikasema mwakani aombe tena. Akasema mwakani atakuwa katikati ya masomo, tutaona. Nilitafuta neno la mzaha, sikulipata. Mimi!

Jumamosi, 3 Oktoba
Basi la Zuhura limeondoka asubuhi. Imelda kamsindikiza stendi, kambebea begi. Mimi na Issa tumekaa barazani kwake tukila korosho. Hakunitania. Na mimi sikumtania. Wakati naondoka kanishika mkono, kachelewa kuuachia.

Jumatatu Imelda anaripoti ualimu. Sanduku lake liko mlangoni. Dogo.

Mchana nimeitoa fomu, nimeinyoosha kwa kiganja juu ya goti, kama tulivyokuwa tunanyoosha jani. Penseli imefifia. Jina linasomeka. Nimeirudisha humu.

Jioni kaleta uji. Una ndimu.

"Babu, uji."

Nimesema asante. Nimekunywa wote.