Mke Wangu, Meya, na Uwanja wa Besiboli

Ijumaa, asubuhi. Manyunyu tangu jana, yale yasiyokulowesha mara moja lakini yanayokufika mpaka kwenye mifupa. Moyo wangu nao haujatulia. Nimekunywa kahawa bila kula chochote.

Nyumba iko kimya. Zuhura bado amelala. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho kulikucha naye yuko kitandani.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa udereva, mzaliwa wa Tanga. Mke wangu ni Mpemba aliyeletwa London akiwa mgongoni mwa mama yake, na sasa ni meya. Si yule meya wa jiji zima mnayemwona kwenye televisheni. Ni wa wilaya yetu tu, huku kusini mwa mto, ambako watu humsimamisha kwenye foleni ya duka la dawa kumweleza habari za mapipa ya taka.

Tangu achaguliwe amekuwa na jambo moja kichwani. Lile duka kubwa la katikati ya mji lilipofungwa, barabara nzima ilikufa. Jua likishazama hapiti mtu pale. Zuhura akaja na wazo la kujenga uwanja mdogo wa besiboli mahali pale, kwa timu ya daraja la chini iliyokuwa ikitafuta makao. Besiboli, mchezo wa Wamarekani! Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikidhani anatania.

Hakuwa anatania. Aliifuata timu ile mpaka ikakubali. Akaitafuta kampuni ya ujenzi. Akazunguka misikitini, makanisani, saluni za kusuka, akieleza kwamba klabu kubwa za mpira hazitatutazama kamwe, kwa hiyo tumkaribishe aliyetaka kuja. Watu wakija kutazama mchezo watakula, watanunua, taa zitawaka. Polepole vicheko vikapungua.

Tatizo ni soko. Nyuma ya lile duka kuna soko la wazi, na ujenzi ungelihamisha hadi ng'ambo ya reli. Pale ndipo alipo Mama Bahati, Mkongomani anayeuza mihogo, ndizi na samaki wakavu. Wakati wa uchaguzi alitembea na Zuhura mlango kwa mlango, kwenye baridi, akimwita "binti yangu" mbele ya kila mtu. Wiki iliyopita nilimpa salamu akageukia mizani yake.

Hiyo ndiyo hali tuliyoamka nayo jana, siku ya baraza kuupigia kura mpango.

Asubuhi Zuhura aliniuliza, huku akifunga mtandio mbele ya kioo, "Baba Salma, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikamjibu kwamba yeye ndiye meya. Alinitazama kidogo kwenye kioo, akachukua mkoba, akatoka.

Kutwa nzima jibu hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mchana nilikuwa na mwanafunzi, muuguzi kutoka Kisumu, mwendeshaji mzuri ila mwepesi wa hasira. Tulipopita sokoni akasema, "Huyu meya, mwalimu, anataka tu jina lake liandikwe ukutani. Watu wa soko atawasahau." Hajui kwamba mimi ni mume wa meya. Nilikanyaga breki ya upande wangu, na gari likasimama pasipo sababu.

"Nimekosea wapi?" akauliza kwa hofu.

Nikamwambia hajakosea. Aendelee.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilitaka mpango ushindwe. Si kwa ajili ya soko. Nilitaka uanguke ili Zuhura arudi nyumbani, akae mezani, amuulize binti yetu Salma habari za shule na asikilize jibu. Nimeswali nikiwa na tamaa hiyo moyoni, nikashindwa kuitamka kwenye dua.

Jioni nilikaa na Salma kwenye viti vya watazamaji, ukumbini mwa baraza. Ana miaka kumi na mitano. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Jana aling'ata kucha muda wote. Wachuuzi walikuwa wamejaa upande wa pili, Mama Bahati mbele yao akiwa na koti lake la sokoni.

Diwani mmoja alimuuliza mtu wa kampuni ya ujenzi kama wachuuzi watarudishiwa nafasi zao uwanja ukikamilika. Yule bwana akajibu kwamba hiyo ndiyo nia yao.

Zuhura akainua kichwa. "Nia, au ahadi?"

"Ni nia yetu ya dhati, Meya."

"Nimekuuliza kama ni ahadi."

Akatabasamu, akasema hakuna awezaye kuahidi mambo ya mbele.

Tulijua kura zinatosha. Wenzake wa chama walikwisha kukubaliana. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, uwanja upite, na jina liandikwe ukutani.

Akasimama. Akasema mpango ule ni wake, ameutaka kuliko mtu yeyote mle ndani, na anaomba usipigiwe kura. Hatajenga juu ya migongo ya watu waliomweka pale, kwa kutegemea neno linaloitwa nia.

Ukumbi ulilipuka. Diwani wa chama chake mwenyewe alitupa miwani mezani. Mwakilishi wa timu, mama mmoja mrefu, alitoka nje na simu sikioni. Mpango ukaondolewa.

Nilifurahi. Kwa pumzi moja tu, nilifurahi. Kisha nikaiona mikono ya mke wangu. Aliificha chini ya meza kama mtoto aliyevunja kitu.

Nilidhani wachuuzi watamshangilia. Mlangoni Mama Bahati alimshika kiwiko, macho yamemjaa maji. "Binti yangu, mimi sikusema usijenge. Nilisema usitusahau. Sasa nani atatuletea watu?"

Tukaondoka kwa gari. Salma alikuwa kiti cha nyuma. Tulipokaribia nyumbani akanyoosha mkono, akamshika mama yake bega.

Nimeandika mpaka hapa, simu ikaita. Zuhura kaipokea akiwa bado na sauti ya usingizi, na mimi nimesimama mlangoni kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Ni yule mama wa timu. Anasema ile kampuni ya ujenzi imejiondoa, lakini yeye hajaondoka bado. Anataka kuja sokoni leo mchana, akutane na wachuuzi wenyewe, aone kama yawezekana soko likae ndani ya uwanja, chini ya viti vya watazamaji. Wakikataa kukaa naye, kuna mji mwingine unaomngoja.

Zuhura yuko bafuni, nasikia maji. Ameniambia anakwenda kwanza kwa Mama Bahati kumwomba awakusanye wenzake, na hajui kama atasikilizwa. Hakuniuliza safari hii ningefanyaje. Nimemwambia mwenyewe kwamba nakwenda naye, na nimeahirisha masomo yote ya leo.

Kumbe nataka uwanja ule ujengwe. Nimelijua hili sasa hivi, nikiwa natafuta viatu. Kuogopa kwamba mpango utafanikiwa nilikwisha kuzoea. Kuogopa kwamba utashindwa ni kugeni kwangu, na hivi ndivyo yeye ameishi muda wote huu, peke yake, kwenye kitanda kimoja na mimi.