FORONYA SITA ZA CLARISSE
Kumbukumbu za kikao cha dharura, Kikundi cha Wadarizi Mugoma

Tarehe: Jumatano, 11/9/2024
Mahali: Barazani kwa Mwenyekiti
Waliohudhuria: Avelina (Mwenyekiti), Scolastica (Mkaguzi wa kazi), Domisiana, Clarisse (yuko kwenye majaribio), Iradukunda (Katibu)
Hakuhudhuria: Verediana, yuko msibani Murukulazo

KUMB. NA. 1/9/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:20 mchana kwa sala fupi, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja.

KUMB. NA. 2/9/2024: MANENO YALIYOKOSEWA
Mkaguzi alieleza kwamba foronya za nyumba ya wageni ya Ngara mjini, zinazotakiwa Jumamosi, zilipaswa kusomeka LALA SALAMA. Clarisse amedarizi RARA SARAMA, zote sita. Mkaguzi alisema, "Mgeni atalaliaje hiyo? Nilisema tangu mwanzo, asiyesoma tusimchukue." Alipendekeza Clarisse aondolewe.

Clarisse alijibu, "Mama, mimi nimefuata karatasi niliyopewa." Akaitoa. Mwandiko ulikuwa wa Katibu. Katibu alikiri kwamba aliandika kama anavyotamka, huku ananyonyesha, akaomba radhi. Domisiana alisema hata yeye aliisoma akaona iko sawa. Wajumbe walicheka, isipokuwa Mkaguzi.

KUMB. NA. 3/9/2024: KUFUMUA
Mkaguzi alichukua foronya moja afumue. Aligeuza ndani, akageuza nje. Pande zote zilifanana, hakuna fundo. Mwenyekiti alivaa miwani akatafuta mwanzo wa uzi, asiuone. Foronya ilizunguka kwa wote.

Clarisse aliomba aonyeshwe herufi zenye kosa. Alichokoa kwa ncha ya sindano, uzi ukatoka mzima, kitambaa kikabaki kama hakijawahi kuguswa. Mkaguzi aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani kakufundisha, mwanangu?" Clarisse alisema ni bibi yake, aliyekuwa anamfumulisha kazi yote kila akikuta fundo.

Iliazimiwa kwamba Clarisse ni mwanachama kamili. Mkaguzi ndiye aliyetoa hoja.

KUMB. NA. 4/9/2024: MENGINEYO
Domisiana alitaka kujua Clarisse alikuwa anawaza nini akidarizi maneno asiyoyajua. Clarisse alijibu kwamba alidhani ni jina la mwenye nyumba ya wageni, ndiyo maana alilishona kwa heshima.

Herufi za kurekebisha ni kumi na nane. Wajumbe walisogeza viti karibu naye, na kikao kiliishia hapo saa 10:05, Clarisse akiwa kwenye L ya nne.

Avelina, Mwenyekiti ....................
Iradukunda, Katibu ....................