Msumeno Usionguruma

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hapa sote tu wazima, Baba naye mzima isipokuwa macho, ambayo sasa yanamwonyesha vivuli tu. Nawe natumaini hujambo huko dukani unakouza misumari. Simu yako niliifungia tangu ule ugomvi wa nyumba na sitaifungua, ila kazi ni kazi, ndiyo maana naandika.

Msumeno wa petroli umenichosha. Nikiwa juu ya mti mkono unakufa ganzi, na moshi unamkohoza Baba kule chini. Nataka wa betri, wenye nguvu za kweli, si kitu cha watoto kuchezea. Nichagulie. Betri hiyohiyo iingie pia kwenye grenda na kwenye mashine ya kufungulia nati, maana ile mashine yetu ya kusaga matawi kila wiki naifungua visu.

La pili ni Baba. Amekuwa mzigo. Haoni, na bado anang'ang'ania kuvuta matawi, wateja wananicheka. Nikimwambia apumzike nyumbani ananijibu kwamba masikio yanamtosha.

Kaka yako

11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu Mama alinifundisha, si kwa sababu unaistahili. Mimi sijambo, na misumari inanunuliwa vizuri tu.

Nimekuchagulia msumeno wa volti thelathini na sita, mwepesi, wa kushikika ukiwa juu. Wanunuzi wangu wengi hutazama volti tu halafu wanarudi kulalamika. Tazama na ampea za betri. Zako ni za ampea tano, mbili, moja ichajiwe nyingine ikiwa kazini, na zinaingia kwenye grenda na mashine ya nati ninayokutumia. Mafuta ya mnyororo jaza kila unapobadilisha betri, usinitie aibu.

Sasa hapa soma polepole, halafu msomee Baba. Msumeno wa petroli hunguruma hata ukipumzika. Miaka yote hii Baba ameingia kuvuta tawi pale tu mngurumo unapokatika, kwa sababu ndipo unapokuwa umemaliza. Huu ukiachia kidole unanyamaza kabisa. Utanyamaza mara mia kwa siku na tawi bado linaning'inia. Nunua filimbi. Ukipiga mara moja akae mbali, mara mbili aingie.

Na usimwachishe kazi. Akifungiwa ndani mwaka hauishi tutamzika, na wewe unalijua hilo.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na Baba anakusalimu. Mzigo umefika. Sina budi kukiri, umechagua vizuri. Unakata kama unakata ndizi, mkono haufi ganzi, na Baba ameacha kukohoa. Visu vya ile mashine navifungua sasa kabla chai haijapoa.

Barua yako nilimsomea. Habari ya msumeno kunyamaza na ya filimbi niliziruka. Usinifundishe namna ya kuishi na mzee. Nataka ashtuke siku moja, tawi dogo limpite karibu na pua, limguse bega ikibidi, atie akili arudi nyumbani kwa miguu yake. Kwa mdomo nimesema mwaka mzima. Wewe unampenda ukiwa mbali; mimi ndiye ninayemvua viatu vya tope.

Kaka yako

6 Aprili

Kaka,

Leo sina salamu. Nimepiga simu mara kumi na saba, umenifungia. Ya Baba inaita, na najua iko mfukoni mwako. Mwambie leo, kabla hujawasha chochote. Nakuomba, kaka yangu. Ukitaka nikupigie magoti nitakupigia, ukitaka ile nyumba chukua, lakini mwambie.

Mdogo wako

29 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Barua yako ilifika Alhamisi. Jambo lilikuwa limeshatokea Jumanne.

Tulikuwa uani kwa mwalimu mstaafu, juu ya mkaratusi. Nilikuwa nimekata tawi kubwa nusu, nikaachia kidole ili nihamishe mguu. Nikamwona Baba anaingia, mikono mbele, ametulia kabisa. Ningeweza kumpigia kelele arudi. Nikasema moyoni, tawi bado limeshika, acha ashtuke. Halikuwa limeshika.

Ni uti wa mgongo. Daktari anasema hatatembea tena.

Anajilaumu mwenyewe. Anasema masikio yamemsaliti. Kila asubuhi ananiomba radhi kwa kuniharibia kazi, nami namjibu, "Usijali, Baba." Tukimwita haitiki, anasema huenda amesikia vibaya. Ameniagiza nikuandikie kwamba msumeno uliochagua ni mzuri na usijitie lawama.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie. Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani, ninayemsafisha. Akijua, atanivumiliaje nikimshika? Simu yako nimeifungua, piga saa yoyote.

Kaka yako

4 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Simu nimeona umeifungua, na sitapiga.

Nimeacha kazi dukani. Jumapili nitafika, na kuanzia hapo Baba nitamgeuza mimi. Ungekuwa mtu wa kumwambia mwenyewe ningekuachia siku hizi tatu nne umwambie, lakini tumelelewa nyumba moja, nakujua.

Barua yako ya tarehe mbili Aprili ninayo, nimeikunja kwenye pochi. Nitamsomea Baba neno kwa neno bila kuruka, hata pale pa viatu vya tope. Nitamsomea na hii ya mwisho. Kwamba msumeno niliuchagua mimi nitamwambia pia, wala sitajificha. Wewe utakuwa umekaa kitandani pake, umemshika mkono, ili nikimaliza kusoma asilazimike kukutafuta.

Mzee wa watu anaomba radhi kila asubuhi, na wewe unaipokea. Masikio yake hayakukosea hata mara moja, na hilo ndilo la kwanza nitakalomwambia nikiingia mlangoni. Jumapili usitoke.

Mdogo wako