Ulezi wa Kumwimbisha Shangazi

Jumapili.

Na bado wale wanamuziki wa Meksiko wananidunda kichwani. Wamechukua kodiani na tarumbeta za babu zao, wakaziweka juu ya midundo ya kompyuta, na muziki umesimama imara. Mpwa wangu Deo ndiye aliyenisikilizisha.

"Mjomba, si uliandika gazetini kwamba kompyuta inaua muziki?"

Niliandika, na nitaandika tena, juu ya wavivu wetu wanaoiga. Hawa hawakuiga mtu.

Nikampigia simu shangazi, kule kijijini Kate. "Shikamoo shangazi. Niimbie ule wimbo wa kupura ulezi, nirekodi."

"Marahaba. Nikuimbie nimekaa kitini? Ule huimbwa fimbo ikiwa mkononi, baba. Ngoja mavuno."

Nikabishana naye, kama kawaida yangu. Hakuyumba, ila alikohoa sana.

Marehemu mama alikuwa anaanzisha, shangazi anaitikia. Mimi nimebaki na kiitikio tu, na hata hicho kwa vipande. Usiku kama huu natamani kuisikia sauti ya mama mpaka nakasirika.

Mavuno yako mbali mno. Kesho nitazunguka mitaa ya Kasense kutafuta mtu mwenye ulezi wa masuke ghalani, ambao haujapurwa. Nitampelekea shangazi gunia zima, pamoja na fimbo mbili.