Memori ya Mwalimu Cheptoo

Nakuru,
14 Oktoba 2007

Kwa dada yangu mpendwa Celestine,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na shemeji na watoto. Je, goti la Baba limepungua uvimbe? Mimi sina homa wala kikohozi, ila kuna jambo limenichafua roho.

Uliniuliza ni kompyuta gani itafaa hapo nyumbani. Kwa kuandika barua na masomo ya watoto, usihangaike na prosesa za bei ya juu. Celeron, ile ya bei nafuu, inatosha kabisa. Pesa yako iweke kwenye memori. Chukua megabaiti mia tano na kumi na mbili, au gigi moja, mara mbili yake, ukiweza. Ukiuziwa mia mbili hamsini na sita, mashine itakwama kila ukifungua vitu viwili. Na usiamini stika ya nje. Mwambie fundi afungue uone mwenyewe.

Nakuambia hivyo kwa sababu nimeona uchafu. Mwezi wa nne alikuja dukani kwetu mwalimu mstaafu kutoka Njoro, Mama Cheptoo. Alitaka kuandika kitabu cha hadithi alizosimuliwa na nyanya yake, kabla hajazisahau. Akachagua gigi moja, akalipa. Bosi wetu, Zeddy, akampa mia mbili hamsini na sita, na stika nje inasema gigi moja. Mashine ikawa inakwama, kurasa zinapotea. Mama alirudi mara tatu. Kila mara Zeddy alimwambia, "Mathe, mashine iko sawa, ni wewe unabonyeza vibaya," na mama akishatoka, anacheka mpaka anashika meza. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama wa watu alituomba msamaha kwa kutusumbua.

Dada, sasa nikwambie ukweli. Zeddy aliagiza tu. Aliyeweka ile memori ndogo na kubandika stika ni mimi, kwa mikono hii. Na mama aliporudi mara ya tatu, ni mimi niliyemfundisha kubonyeza polepole. Najichukia.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilichomoa memori ya kompyuta yangu mwenyewe, nikaenda Njoro. Nilimfungulia mashine, nikamwekea, nikamweleza yote. Hakunitukana. Alisema tu, "Kumbe. Mimi nilienda hospitali kupimwa kichwa, kijana. Nilidhani akili imeanza kuniacha, nikaacha kuandika."

Akaniomba nimwache peke yake. Nilisimama kidogo nje ya mlango, nikingoja kusikia kama atabonyeza hata herufi moja. Sikusikia kitu.

Kazi nimeacha jana. Zeddy ameniita mjinga.

Usimwambie Baba kwanza. Nitakuja Desemba nimweleze mwenyewe. Wabusu watoto, na umpe shemeji mkono wangu.

Ni mimi ndugu yako,
Khaemba